Pikipiki iliyotumika kwa kijana wa Kasese na Bwera: Karatasi kwanza, injini baadaye

Mavuno ya kahawa yanapokwisha katika vilima vya Rwenzori, familia nyingi za wilaya ya Kasese huketi kujadili jambo moja: je, kijana aliyemaliza shule na asiye na kazi anunuliwe pikipiki? Mpya ni ghali, na kwa hiyo mazungumzo huishia kwenye pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hapo ndipo akiba ya familia, na mara nyingine bei ya kipande cha shamba, hukabidhiwa kwa muuzaji ambaye mnunuzi amekutana naye asubuhi hiyo hiyo.

Jambo la kutazamwa mwanzo ni kijana mwenyewe. Sheria ya Uganda inamtaka mwendesha pikipiki awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na kibali cha udereva cha daraja la pikipiki. Katika njia za vijijini, kuanzia Kisinga hadi Kyarumba, si ajabu kumwona mtoto wa miaka 15 akiendesha, na wazee hufumba macho kwa kuwa analeta chakula nyumbani. Lakini siku ya ajali hakuna anayefumba macho. Kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa ikiwa aliyeshika usukani hakuwa na kibali, na gharama za majeruhi wa pande zote mbili zikamwangukia mzazi. Kijana ambaye hajafikisha umri na asubiri; fedha hizo zitalipia mafunzo na kibali wakati wake utakapofika.

Ndipo zinafuata karatasi. Wanunuzi wengi huanza kwa kuwasha injini, wakavutiwa na mlio wake, kisha karatasi wakazitazama kwa haraka wakiwa wamekwisha kuipenda pikipiki. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Kila pikipiki ina namba mbili zilizogongwa chumani: ya chesisi, iliyo kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na ya injini, iliyo ubavuni mwa injini. Namba hizo zilingane, tarakimu kwa tarakimu, na zilizoandikwa katika logibuku. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa ili uzisome mwenyewe. Ukiona chuma kimesuguliwa, au tarakimu zimepinda na hazifanani kwa ukubwa, usiendelee na mazungumzo hata kama bei imeshushwa. Aghalabu bei hiyo imeshushwa kwa sababu.

Jina lililo katika logibuku nalo lina habari ya kutoa. Pikipiki nyingi za boda boda hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji hubaki na logibuku hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Muuzaji atakayekuonyesha nakala na kukuambia kwamba logibuku halisi iko njiani, au iko kwa ndugu yake Kampala, huenda anauza kitu ambacho bado si chake. Baadhi ya pikipiki za mkopo zimefichwa vifaa vinavyomwonyesha mkopeshaji mahali zilipo. Zitachukuliwa hata kama umelipa kwa nia njema, nawe utabaki kumtafuta muuzaji aliyebadilisha namba ya simu. Taka logibuku halisi. Taka kitambulisho cha taifa cha mtu ambaye jina lake limo ndani yake, na umwone yeye, si mjumbe wake. Ikiwa mwenye jina amekwisha kufariki, subiri hadi warithi wake wakamilishe taratibu za mirathi.

Mpaka huongeza jambo lake. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani, huko Busia mashariki mwa nchi, wakati baiskeli zilipokuwa zikiwavusha watu kati ya Uganda na Kenya. Kwetu magharibi, mpaka ni Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi. Pikipiki iliyosajiliwa Kongo haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuvuka daraja. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na wapo wanaodhani kwamba tangu hapo ushuru na usajili havihitajiki tena. Hivyo sivyo. Ukiambiwa kwamba pikipiki fulani ni ya bei nafuu kwa kuwa imetoka ng'ambo, uliza stakabadhi za forodha kabla ya kuuliza kitu kingine.

Karatasi zikiwa sawa, fikiri ni wapi kijana atafanyia kazi. Kutoka mji wa Kasese hadi Kikorongo, kisha takriban kilomita 38 hadi Mpondwe, barabara ni ya lami na kwa sehemu kubwa ni tambarare, ingawa inapita katika Hifadhi ya Queen Elizabeth ambako tembo hawajali nani ana haraka. Katika njia hiyo injini ya sentimita za ujazo 100, kama ile ya Bajaj Boxer ndogo au TVS ya ukubwa huo, inatosha na hainywi mafuta mengi. Kwa anayepanda Kilembe au Ihandiro akiwa na abiria na gunia, injini ya 125 au 150 haichoki upesi. Hata hivyo, pikipiki kubwa ni nzito zaidi, na kijana mwepesi anayesimama kwa ncha za vidole ataiangusha siku ya kwanza ya matope. Mketishe juu yake kabla ya kulipa. Nyayo zake zote mbili ziguse chini.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafika asubuhi na kwamba asiiwashe. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa tayari ni moto, pengine kuna tabia ya kukataa kuwaka ambayo imefichwa. Ipige kiki mwenyewe, kisha tazama moshi wa ekzosi. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni wa kawaida katika asubuhi za baridi za milimani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni au mipira ya valvu imechakaa, na matengenezo yake si ya siku moja. Moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia kwa wingi kupita kiasi, na mara nyingi fundi hulimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Fungua pia mfuniko wa oili. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Wakazi wa bonde la Nyamwamba wanakumbuka mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020. Pikipiki iliyozama mtoni inaweza kusafishwa ikang'aa, huku beringi na nyaya zake zikiendelea kuoza ndani. Tafuta tope kavu nyuma ya taa na chini ya kiti, mahali ambapo kitambaa cha muuzaji hakikufika.

Katika wilaya hii kuna adui mwingine asiyetajwa sana, nayo ni chumvi ya Katwe. Pikipiki iliyobeba magunia ya chumvi kutoka ziwani hadi sokoni Bwera huliwa na kutu kuanzia chini ya kiti na kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Rangi mpya iliyopakwa sehemu hizo tu ni ya kutiliwa shaka. Gonga chuma kwa ufunguo wa spana. Chuma kizima hutoa mlio mkali, kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha simama nyuma ya pikipiki na utazame kama magurudumu yote mawili yako katika mstari mmoja. Yasipolingana, fremu imepinda katika ajali, na hakuna fundi wa kando ya barabara atakayeinyoosha ikarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Kipima mwendo usikiamini. Waya wake huchomolewa kwa urahisi, na pikipiki ya miaka sita ikaonyesha kilomita za mwaka mmoja. Mpira wa kukanyagia, ncha ya kibadilisha gia na ngozi ya kiti vinaeleza ukweli zaidi. Matairi, betri na taa hubadilishwa; hivyo ni vya kupunguzia bei tu.

Breki zinataka subira zaidi. Wengi wanaoshuka kutoka milimani huzima injini au hutia gia huru ili kuokoa mafuta, wakaiachia breki kazi yote. Breki za ngoma, ambazo ndizo za pikipiki nyingi za bei ya chini, hupata moto na kupoteza nguvu katikati ya mteremko. Kwa hiyo pikipiki iliyofanya kazi milimani ikaguliwe pedi za breki, klachi, na beringi za shingo ya usukani: inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole, na ukihisi unakwama katikati, beringi zimekula. Kijana naye afundishwe tangu siku ya kwanza kushuka akiwa katika gia ya pili, injini ikisaidia kuzuia.

Mpeleke fundi unayemlipa wewe, si yule anayekaa steji moja na muuzaji. Katika hesabu ya bei, tenga fedha za oili, mnyororo pamoja na sproketi zake, pedi za breki, bima, na kofia ngumu mbili, ya kijana na ya abiria wake mmoja, kwani sheria haimruhusu kubeba zaidi ya huyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40. Kofia iliyokwisha kuanguka katika ajali isinunuliwe, hata ikiwa inatolewa bure pamoja na pikipiki.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1 na mashahidi wa pande zote mbili, ukitaja namba ya usajili, ya chesisi na ya injini. Uhamisho wa umiliki uanze mara moja, wakati muuzaji bado anapokea simu. Muuzaji na mnunuzi wote watahitaji namba ya mlipa kodi. Na katika mkataba huo iandikwe si tarehe pekee bali pia saa ya makabidhiano, ili kosa lolote lililotendwa na pikipiki hiyo asubuhi lisije likaulizwa kwa kijana aliyeipokea alasiri.