Rumanyika: Jina la Omukama, la Hifadhi na la Majirani Zetu

Katika Kinyambo, kumanya ni kujua, na kumanyika ni kujulikana. Rumanyika, basi, ni mtu anayejulikana. Jina hilo alikuwa nalo Omukama Rumanyika Orugundu wa ukoo wa Abahinda, aliyewapokea Bweranyange Waingereza John Hanning Speke na James Grant mwezi Novemba 1861, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Speke aliliandika "Rumanika", akiiacha herufi y. Kosa hilo la kalamu lina umri wa zaidi ya miaka 160, na bado linatusumbua.

Baadaye jina la Omukama lilipewa pori la akiba, ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Wakazi wa Kyerwa wasijione wametengwa na jina hilo: wilaya yao ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tu.

Matumizi yanayogusa huduma zetu zaidi ni yale ya jina la ukoo. Kwa desturi, mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Madaftari ya shule na makanisa ndiyo yaliyodai jina la baba, na hivyo jina la babu mmoja likageuka kuwa la ukoo mzima. Kwa hiyo familia mbili zenye jina Rumanyika si lazima ziwe na nasaba moja, wala si lazima ziwe za Abahinda.

Jambo hili hujitokeza kwa uchungu katika mirathi. Kufanana kwa jina pekee hakumfanyi mtu kuwa mrithi. Mahakama ya mwanzo huangalia cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa upande mwingine, mtoto halali anaweza kucheleweshwa kwa sababu cheti chake kinasomeka "Lumanyika" ilhali hati ya shamba la baba yake inasomeka "Rumanyika".

Mwananchi anashauriwa kulinganisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na hati za ardhi, herufi kwa herufi, wazazi wangali hai. Akiona tofauti, afike kwa mtendaji wa kata na nyaraka zote ili aelekezwe mahali pa kurekebishiwa, pamoja na namna ya kupata hati ya kiapo.