Je, Wajua? Mstari wa 65,536

Je, wajua kuwa watu 15,841 waliokutwa na korona waliwahi kukosekana kwenye takwimu za kila siku za Uingereza kwa sababu ya aina ya faili tu? Ilikuwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020. Majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili za Excel za zamani, XLS, kabla ya kuingizwa kwenye mfumo wa ripoti. XLS hubeba mistari 65,536, basi. Kila mtu alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja ilijaa kwa watu kama 1,400. Waliozidi wakaachwa nje kimyakimya. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati, na hilo ndilo linaloumiza.

XLSX, iliyokuja na Excel ya 2007, hufikisha mistari 1,048,576. Ripoti yako ikipungukiwa data, usikimbilie kulaumu mtandao. Fungua faili uliyoingiza, bonyeza Ctrl na End. Ukitua kwenye mstari wa 65536, huenda data imekatwa: rudi kwenye chanzo, itoe upya kwa XLSX, kisha linganisha idadi ya mistari pande zote mbili.