Upepo wa jua na mawimbi tusiyoyasikia

Mtu aliyesimama kando ya ziwa Tanganyika, kule Kalemie ao Uvira, anajua: upepo ukipita juu ya maji, mawimbi yanaamka. Juu ya vichwa vyetu, mbali kilomita zaidi ya 60 000, jambo linalofanana na lile linafanyikaka pia, bila maji na bila hewa.

Upepo wa jua ni protoni na elektroni zinazokimbia kilomita 400 hivi kwa sekunde, siku zingine hata 700. Zikikaribia dunia zinakuta sumaku yake imejizungushia lupango kubwa, ndiyo magnetosfera. Ila ukuta wa lupango ile si wa matofali, unabonyea. Pembeni, upepo unaukwaruza mpaka unajikunja kama wimbi la ziwa. Satelite ine za Cluster zilionyesha vile, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Mbele, upepo ukizidi uzito kwa ghafula, ukuta unasukumwa ndani halafu unarudi, sawa ngozi ya ngoma.

Mtikisiko ule unaingia ndani. Mwaka 1954 Mwingereza James Dungey alieleza kwamba mistari ya sumaku, iliyofungwa kwenye dunia kaskazini na kusini, inatetemeka kama nyuzi za gitare. Lakini ni gitare ya pole sana! Mtetemo mmoja unaweza kuchukua dakika tano ao hata kumi, na sikio letu linahitaji mara 20 hivi kwa sekunde.

Sasa, juu ya nini tujali? Fikiri mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, anapanda juu kabisa. Elektroni zinazozunguka dunia, mwendo wao ukipatana na mawimbi haya, zinapata nguvu vilevile, mpaka zinapenya ndani ya satelite na kujaza umeme mahali usipotakiwa.

Watu wengi wanafikiri hatari inatoka kwa milipuko ya jua peke yake. Hapana. Januari 1994 hakukuwa mlipuko mkubwa, ni upepo wa kasi tu uliovuma siku kazaa. Satelite mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zikapoteza mwelekeo, televisheni na simu zikakatika. Ya kwanza waliirudisha baada ya saa chache. Ya pili iliwachukua miezi.