Majivu Yanayosubiri Jina: Maziko ya Askari Wasio na Ndugu

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na Tobiti aliacha chakula mezani ili kulitimiza. Nchini Marekani tendo hili limepata sura isiyo ya kawaida. Katika rafu za nyumba za mazishi yapo masanduku madogo yenye majivu ya binadamu yaliyokaa miaka mingi, mengine miongo kadhaa. Mwili ulichomwa, kisha hakuna aliyerudi kuyachukua. Miongoni mwa marehemu hao wamo askari wa zamani, ambao sheria ya nchi yao inawapa haki ya kuzikwa bila malipo katika makaburi ya taifa.

Tusiwahukumu ndugu upesi. Wapo marehemu walioishi kuliko jamaa zao wote. Wapo waliotengana na familia, au waliofia mitaani bila makao. Pengine mjane alichelewa kuamua mahali pa kuzika, naye akafa kabla ya kuamua.

Shirika la watu wa kujitolea, Missing in America Project, limejitwika kazi ya kuwatafuta. Ni kazi ya karatasi zaidi kuliko ya koleo. Nyumba ya mazishi hutoa majina, tarehe za kuzaliwa na za kufa; Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu huyalinganisha na kumbukumbu za jeshi ili kuthibitisha nani alitumikia, na kama hakufukuzwa kwa kosa la aibu. Ugumu mkubwa ni moto wa tarehe 12 Julai 1973, ulioteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 katika ghala la kumbukumbu karibu na St. Louis. Humo yalikuwamo takribani asilimia 80 ya mafaili ya askari wa jeshi la nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. Kwa hao, ushahidi hutafutwa penginepo, hata katika hati za zamani za mishahara.

Utumishi ukithibitishwa, maziko hupangwa. Waendesha pikipiki husindikiza majivu, tarumbeta hupigwa, bendera hukunjwa. Kwa desturi bendera hukabidhiwa mjane au mtoto. Hapa huipokea mtu ambaye hakupata kumwona marehemu.

Kanisa, ambalo tangu 1963 halikatazi kuchoma maiti mradi isifanywe kwa kuikana imani, lilieleza tena mwaka 2016 kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, hasa makaburini, yasitawanywe, yasigawanywe. Sababu ni kwamba mwili huo ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu na unangoja ufufuko. Desemba 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa likaruhusu majivu ya wabatizwa wengi kuwekwa pamoja mahali patakatifu pa kudumu, kwa sharti kwamba habari za kila mmoja zionyeshwe, ili majina yasipotee.

Uzito wa jina tuliuona kwa Padre Emil Kapaun wa Jimbo la Wichita, aliyefia katika kambi ya mateka Korea Kaskazini mwaka 1951. Mabaki yake yalilala miongo mingi huko Hawaii kati ya askari wasiojulikana, hata yalipotambuliwa Machi 2021. Yeye alikuwa na ndugu na jimbo zima la kumngoja.

Na asiyekuwa askari? Orodha inaporudi, yako majina yasiyopatikana katika kumbukumbu za jeshi, na masanduku yao hubaki rafuni. Hapo hoja ya sare haisaidii. Baadhi ya majimbo Katoliki ya Marekani, karibu na tarehe 2 Novemba, hupokea majivu yaliyobaki majumbani na katika nyumba za mazishi, na kuyazika katika makaburi yao baada ya Misa, bila kuuliza marehemu alitumikia wapi.