Jina Liko Ukingoni

Asiyezoea medali huitazama usoni: kichwa cha mfalme, simba, utepe wa rangi. Mkusanyaji huigeuza ubavu kwanza. Huisogeza dirishani, hushika lenzi, akaizungusha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, maana kwenye ukingo ule mwembamba ndiko Waingereza walikokuwa wakichapa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Akiukuta ukingo mtupu, hushusha pumzi.

Si kila mara waliuchapa. Hapo ndipo penye mtihani kwa anayefuatilia askari waliotoka vita hii wakaingia nyingine, na mfano mzuri uko kwa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 ambalo kwetu lilijulikana kama Keya.

Askari wa Keya aliyepigana na Wajerumani katika vita ya 1914 hadi 1918 kwa kawaida alistahili medali mbili. Ya kwanza ni Medali ya Vita ya Uingereza, ya fedha, kipenyo milimita 36. Ya pili ni Medali ya Ushindi, ya shaba nyeusi, yenye mwanamke mwenye mabawa na utepe wa pinde mbili za mvua zilizokutana kwenye wekundu. Zote mbili zina jina ukingoni. Ikaja vita ya pili. Mwanawe, au hata yeye mwenyewe kama aliandikishwa angali kijana mdogo, akapigana na Waitalia Ethiopia mwaka 1941, kisha 1944 akavuka bahari pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hadi bonde la Kabaw, Burma. Akapata Nyota ya Afrika, akapata Nyota ya Burma. Ila safari hii serikali ya London iliamua medali zitoke bila majina. Afrika Kusini na Australia zilichapa majina ya watu wao. Za Keya zilibaki tupu, hazitofautiani na mamilioni ya nyingine.

Ndiyo maana wakusanyaji hung'ang'ania fungu zima, yaani medali zote za mtu mmoja zikiwa bado zimeshonwa kwenye pini yake ya zamani. Medali yenye jina ndiyo inayozishuhudia zile zisizo nalo. Muuzaji akilivunja fungu, moja akaiuza Nairobi na nyingine London, ile ya fedha itaendelea kumtaja mwenyewe, lakini nyota zimeshapotea. Hakuna mtaalamu wa kuzirudisha.

Medali ya Utumishi wa Jumla Afrika, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1902, ina utaratibu wake. Hii haikutolewa upya kila vita. Askari alivaa medali moja, na kila kampeni mpya ikamwongezea kibao chembamba kwenye utepe wa njano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani: Somaliland 1902-04, Jidballi, Nandi 1905-06, Somaliland 1920. Vibao husomwa kuanzia chini kwenda juu, kama ngazi. Baada ya 1920 ikanyamaza zaidi ya miaka 30, kisha ikafufuliwa kwa kibao kimoja cha mwisho, Kenya, kwa waliotumika wakati wa Hali ya Hatari kuanzia Oktoba 1952. Kwa sababu ya kimya hicho, ina sura za Edward wa Saba, George wa Tano na Elizabeth wa Pili, lakini ya George wa Sita haimo. Anayeuziwa yenye sura hiyo afunge pochi yake.

Kibao cha Nandi kina uzito wake. Kilitolewa kwa kampeni ambamo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa, Oktoba 1905. Haishangazi medali kama hiyo ikikutwa chini ya sanduku, imeviringishwa kitambaa, badala ya kutundikwa ukutani.

Yapo pia mafumbo ambayo medali peke yake haiyafumbui. Batalioni ya 2 ya Keya ilipovunjwa mwaka 1911, baadhi ya askari wake walivuka mpaka wakajiandikisha kwa Wajerumani. Miaka mitatu baadaye wakawa wanawapiga risasi wale waliowavisha medali. Vita ikiendelea, askari waliotekwa upande wa Wajerumani nao wakaingizwa Keya. Jaribu kumtafuta mtu wa namna hiyo katika orodha ya upande mmoja tu!

Orodha zenyewe ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Mabomu ya Septemba 1940 yaliteketeza sehemu kubwa ya majalada ya wanajeshi wa Uingereza wa vita ya kwanza, lakini orodha za medali zilisalimika. Kwa askari wa Keya, mtafiti mzoefu hutegemea namba na batalioni kabla ya jina, kwa kuwa makarani waliandika majina ya Kiyao, Kinandi na Kisudani jinsi masikio yao yalivyoyasikia. Halafu hupiga hesabu ya miaka. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayomuumbua Idi Amin, aliyependa kusimulia kwamba alipigana Burma: aliingia Keya mwaka 1946, Wajapani wamekwisha kusalimu amri.

Ughushi wa ukingoni hugunduliwa kwa kalipa. Jina likisagwa ili kuchapwa jingine, kipenyo hupungua. Milimita 35 na nusu badala ya 36 zinatosha kutia shaka. Adui mkubwa zaidi lakini amekuwa moto. Bei ya fedha ilipopaa mapema mwaka 1980, medali nyingi za vita ya kwanza ziliyeyushwa, majina na yote.

Kwa askari wa Burma aliyebaki jeshini hadi Hali ya Hatari, ile ya utepe wa njano ndiyo pekee fungoni yenye jina lake. Ndiyo pia yenye bei, kwa hiyo muuzaji mwenye haraka huanza kwa kuing'oa hiyo.