Rejista ya shule ni hazina ya ukoo

JE, babu yako alizaliwa wapi, na alisomea wapi? Katika familia nyingi za Nakuru, swali hili huzua mabishano. Mzee aliyejua ameshaaga dunia, cheti cha kuzaliwa hakipo, na kila mjomba ana hadithi yake.

Kuna shahidi mmoja ambaye wengi humsahau. Ni rejista ya kuandikisha wanafunzi, lile daftari kubwa linalowekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Kwa Waafrika, usajili wa lazima wa vizazi ulianza katika maeneo machache mwaka wa 1963 na kuenea nchi nzima mwaka wa 1971. Kwa hivyo, kwa mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mlowezi huko Njoro, Molo au Subukia, huenda karatasi ya kwanza kubeba jina lake ilikuwa ya shule au kadi ya ubatizo.

Kwa kawaida, mstari mmoja wa rejista huwa na nambari ya mwanafunzi, jina, umri, jina la mzazi au mlezi, tarehe ya kuingia na ya kuondoka, na wakati mwingine sababu ya kuondoka.

Usiusome mstari huo peke yake. Tazama majirani zake. Nambari zinazofuatana huenda ni za ndugu walioletwa shuleni siku moja. Jina la mlezi ambaye si baba laweza kukuelekeza kwa shangazi au nyanya aliyesahauliwa.

Tarehe pia husimulia. Mtoto wa Kikuyu aliyeondoka ghafla mwishoni mwa 1952 au mwaka wa 1953 huenda alihamishwa na wazazi wake. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na maelfu ya Wakikuyu wakafukuzwa mashambani na kurudishwa Kiambu, Murang'a na Nyeri. Mtafute huko. Ghasia za 1992 na za 2008 nazo zilitawanya wanafunzi wengi wa Molo na Njoro.

Hata hivyo, tahadhari. Umri ulioandikwa mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, na akigusa sikio la upande wa pili, basi alifaa kuanza masomo. Majina nayo hubadilika. Mvulana wa Kikalenjin aliyeandikwa Kiprono huenda baada ya jando alijulikana kwa jina la baba, kama vile arap Koech.

Kumbuka pia kwamba hadi karibu na Uhuru, watoto wa Wazungu, Wahindi na Waafrika walisoma katika shule tofauti. Shule kubwa ya mjini leo huenda haikuwa ya babu yako.

Anzia nyumbani. Kusanya kadi za ubatizo, ripoti za shule na picha. Waulize wazee jina la zamani la shule, kwani nyingi zilibadilishwa majina. Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua ya heshima, ukieleza uhusiano wako na unayemtafuta. Usishangae ukikatazwa kupekua daftari lote, kwa kuwa sheria ya 2019 inalinda habari za watu binafsi.

Shule ikiwa ilifungwa, uliza kanisa lililoianzisha, ofisi ya elimu, au Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo ina kituo mjini Nakuru.

Faida si hadithi tu. Hati za shule ni miongoni mwa zile zinazoweza kumsaidia mtu aliyechelewa kusajiliwa kuthibitisha alikozaliwa na wazazi wake ni akina nani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukoo nao ni mali. Mchwa na paa linalovuja havingoji, wala wazee hawatatungoja. Likizo ijayo, wape watoto kalamu na daftari, waketi na nyanya yao, na waanze kwa swali moja: "Ulisomea wapi?"