Istilahi za Breki: Jinsi ya Kuimarisha Breki za Gari la Zamani

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na motokaa, neno breki limekaa mahali pake bila ya mgogoro. Lakini fundi akisha kuling'oa gurudumu, neno hilo moja hugawanyika likawa maneno kumi au zaidi, na hapo ndipo mfasiri, mwalimu wa ufundi na mtumishi wa serikali wanapoanza kutofautiana. Makala hii inakusudia kuyaeleza maneno hayo kwa kufuata kazi moja ya karakana, nayo ni kuimarisha breki za gari la spoti la zamani.

Kwanza tuseme neno juu ya jina la gari lenyewe. Wako wanaoandika "gari la michezo". Jina hilo halifai, kwa kuwa msomaji atadhani ni gari la kuchukulia wachezaji. "Gari la mbio" ni gari lililoundwa kwa ajili ya mashindano tu. Na neno mwendokasi, tangu 2016, limeshikwa na mabasi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo tutatumia gari la spoti.

Mfano wetu ni Datsun 240Z, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Wakazi wa Afrika ya Mashariki walilifahamu vema: lilishinda Mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mara ya pili mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Magurudumu yake ya mbele yana breki za diski, na ya nyuma yana breki za ngoma. Mpango huo unapatikana hata leo katika magari mengi madogo, kwa hiyo istilahi zake zinatuhusu sote.

Sasa tuiangalie barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, pamoja na tawi lake liendalo Butiama. Ng'ombe huikata njia bila ya taarifa, na malori, baiskeli na pikipiki hupishana humo. Tuseme mwenye gari aliyeko Butiama anamwandikia muuza vipuri wa Musoma, "Niletee viatu vya breki vya mbele." Mbele ya gari hilo hamna viatu hata kimoja, mna pedi. Muuzaji akiifuata barua kama ilivyo, kazi itasimama. Na fundi asiye mwangalifu akikilazimisha kipuri kisichofaa, roho za watu zimo hatarini.

Istilahi zifuatazo zafaa zitofautishwe:

1. Ngoma ya breki: chombo cha chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu. Mafundi wengine huita dramu. Maneno yote mawili yanaeleweka, lakini katika maandishi tunapendekeza ngoma.

2. Kiatu cha breki: kipande cha chuma chenye umbo la upinde kinachotanuka ndani ya ngoma na kuisugua.

3. Diski ya breki: bamba la mviringo linalozunguka likiwa wazi. Neno sahani tusilitumie hapa, kwa sababu klachi nayo ina sehemu yenye umbo la sahani, na majina yatagongana.

4. Pedi: vipande viwili vinavyoibana diski, kimoja kila upande. Kiatu hutanuka na pedi hubana. Mwalimu akiishika tofauti hiyo, wanafunzi hawatachanganya.

5. Kalipa: kifaa kinachozishika pedi na kuzisukuma kwa pistoni.

6. Silinda kuu: mahali ambapo nguvu ya mguu hugeuzwa kuwa msukumo wa mafuta. Ile ndogo iliyomo ndani ya ngoma ni silinda ya gurudumu.

7. Kutoa upepo: kuondoa hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya mafuta ya breki. Kiingereza hukitaja kitendo hiki kwa neno la kutoka damu, na mfasiri anayefuata kamusi peke yake ataandika jambo la kuchekesha. Karakana ina neno lake, nasi hatuna haja ya jingine.

Baada ya vifaa, tuje kwenye vitendo. Kutengeneza breki ni kuzifanya zifanye kazi tena. Kukarabati ni kuzirudisha katika hali zilizotoka nayo kiwandani. Kuimarisha ni kuzifanya ziwe na uwezo kuliko ule wa kwanza, kwa mfano kuziondoa ngoma za nyuma na kuweka diski. Mwenye kuandika hati ya kazi au ya malipo hana budi kuchagua neno moja kati ya haya matatu, maana gharama na wajibu wa fundi hutofautiana.

Kuimarisha hakuishii kwenye kubadili vyuma. Kiatu kinachotangulia hujivuta chenyewe kwenye ngoma inayozunguka, na hivyo humsaidia dereva. Pedi hazina msaada huo, na kwa hiyo diski hudai nguvu kubwa zaidi, ambayo mara nyingi hupatikana kwa busta. Tena kalipa huweza kuhitaji mafuta mengi kuliko silinda ya gurudumu. Silinda kuu ikiongezwa upana itatoa mafuta mengi, lakini kwa nguvu ile ile ya mguu msukumo utapungua. Mwisho, breki za nyuma zikizidi nguvu, magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele na gari litageuka kichwa mkiani. Vali inayozuia jambo hilo tunapendekeza iitwe vali ya mgawo, kwa kuwa kazi yake ni kugawa msukumo baina ya mbele na nyuma.

Limebaki neno lenye uzito kuliko yote, nalo ni "kufeli breki". Taarifa nyingi za ajali huishia hapo, kana kwamba sababu imekwisha kutajwa. Lakini neno hilo hufunika mambo manne. Mafuta yakivuja, pedali huzama hadi sakafuni. Mafuta yakichemka, mvuke hujaa mabombani na pedali huwa laini. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakisha kunyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na pedali huenda mbali. Pedi au viatu vikizidiwa na joto, pedali huwa ngumu, lakini gari halisimami. Hali hizi mbili za mwisho tunapendekeza ziitwe kulegea kwa joto. Kufifia, ambalo wengine hulitumia, ni neno la mwanga na rangi.

Ieleweke pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, joto ambalo breki hulazimika kulipokea huongezeka mara nne. Basi afisa anayeandika "breki zilifeli" bila ya kueleza kilichotokea humnyima fundi njia ya kuzuia ajali ya pili.

Mtu wa Musoma hahitaji kufundishwa kwamba maneno husafiri. Usukani ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa motokaa, na hakuna aliyelalamika. Istilahi za breki nazo nyingi zimekwisha kuzaliwa karakanani. Wajibu wetu ni kuzikusanya, kuzipa kila moja maana yake, na kuzitumia vivyo hivyo darasani, ofisini na katika vitabu, ili neno linaloandikwa Butiama lilete kipuri kile kile kutoka Musoma.